Sista na Habari Zake Njema

Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumsikia akitoa habari mbaya za nafsi yake. Ukimuuliza hujambo, hajambo. Ukimuuliza habari za asubuhi, nzuri. Habari za gari lililomzimikia barabarani mchana wa Julai, nzuri pia, kwani si lilizimikia karibu na kivuli? Sisi Waswahili tumelelewa kuanza na neno jema kabla ya kusema yaliyotusibu. Mtu hata akiwa na msiba husema "nzuri, lakini," kisha ndipo humwaga yake. Yeye ile "lakini" hakuwa nayo. Alikomea kwenye nzuri, akakuuliza wewe umekula nini.

Hospitali nzima tulimwita Sista, kana kwamba hapakuwa na wauguzi wengine. Alikuwa mkuu wa wadi ya wanawake katika hospitali moja ya Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa karani wa wadi hiyo. Kazi yangu ilikuwa simu, mafaili na kugombana na ndugu wa wagonjwa wanaotaka kuingia wote kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kila kitu kilichobaki.

Alikuwa amesomea uuguzi kwa Kiingereza. Alikuja Oman na wale waliotoka Unguja wakiwa na kazi mikononi na Kiarabu cha kuungaunga, na kwa muda mrefu jambo hilo halikumdhuru mtu. Kisha utawala wetu ukatangaza kwamba kila mkuu wa wadi lazima awe na shahada ya sekondari ya Kiarabu, thanawia. Asiye nayo atapewa muda, na muda ukiisha atakabidhi wadi kwa mwenye nayo. Sista alikuwa ameshapita umri wa kubeba begi la skuli. Lakini wadi ile ndiyo iliyokuwa nyumba yake kuliko nyumba yake, na wiki ile ile akajiandikisha katika darasa la wanawake watu wazima kule Ghubra. Mimi niliyeacha skuli kwa kuolewa akanishika mkono na kuniandikisha pia, bila kuniuliza sana.

"Huna la kufanya jioni," aliniambia.

"Nina mume, Sista."

"Basi atakushukuru."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wanafunzi. Asubuhi wadi, magharibi darasa, na katikati yake gari lake dogo jeupe ambalo kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa zamani. Juu ya usukani alitandaza kanga iliyoloweshwa maji ili asiungue vidole, akaendesha huku akinyambua vitenzi kwa sauti ya maulidi. Kataba, yaktubu. Dhahaba, yadhhabu. Kwenye mzunguko wa barabara alikuwa hasimamishi kitenzi, alisimamisha gari. Madereva waliokuwa nyuma yetu walipiga honi, na yeye aliwapungia mkono kama watu waliomsalimu.

Kiarabu kilimchezea. Kikwazo chake si kwamba hakuyajua maneno. Aliyajua mengi mno, kwani Kiswahili chake kilikuwa kimeyachukua zamani na kuyapa kazi nyingine. Mwenyewe alipenda kutuhadithia kisa cha siku zake za mwanzo Maskati, alipomkuta mume wa mgonjwa wadini saa isiyo ya wageni. Akamwambia kwa adabu zote, "Tafadhali, tafadhali!" huku akimwonyesha mlango. Yule bwana alisikia Kiarabu, na kwa Kiarabu anayekwambia hivyo anakukaribisha. Akashukuru, akavua viatu, akakaa kitandani kwa mkewe. Sista akazidi kumsihi, na mtu akazidi kujisogeza.

Darasani yalimpata mengine. Mwalimu wetu alikuwa ustadhati kutoka Misri, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi, na siku moja alitutaka tuandike habari za jamaa zetu. Sista akaandika kwamba baba yake alikuwa mtu wa hasira. Kwetu ni mtu mkali. Ustadhati alilisoma lile neno kama majuto na huzuni, akavua miwani, akamuuliza kwa upole ni msiba gani uliompata mzee. Darasa zima tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sista alicheka kuliko sote, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Nilikuwa nikidhani mtu anayeweza kujicheka hivyo hawezi kuvunjika.

Alikuwa na maneno yake ya wadini ambayo wauguzi wadogo waliyajua kwa moyo. "Uso ni wa mgonjwa," alisema akimwona mtu amekunja sura. "Wako utauvaa nyumbani." Asiyejua kitu hakumgombeza, lakini anayelalamika alimpa kazi nyingine juu ya ile ya kwanza. Alikuwa akitafuna karafuu badala ya chakula cha mchana, na wakati huo huo alitukagua sisi kama tumekula. Aliyezidiwa alimwamuru akapumzike, na akikataa alimtoa kwa mkono. Mwenyewe nilimwona akisinzia kwa kusimama, mgongo umeegemea kabati la dawa, na alipofumbua macho akaendelea na sentensi aliyokuwa akiisema.

Siku moja mambo yalinielemea. Mume alikuwa amenuna kwa sababu ya darasa, ustadhati alikuwa amenirudishia insha imejaa wekundu, na ndugu wa mgonjwa mmoja alikuwa amenitukana mbele za watu. Nikajifungia katika stoo ya mashuka nikalia. Mlango ukagongwa kidogo.

"Ni mie. Lia, mwanangu," alisema kutoka nje. "Nnakungoja hapa mlangoni. Haingii mtu."

Nikalia mpaka nikachoka. Nilipotoka alikuwa bado amesimama pale na rundo la taulo mikononi, kama mtu anayezihesabu. Hakuniuliza nimelizwa na nini. Alinitazama macho, akaniambia ninawe uso kwa maji baridi, na jioni ile garini akaniimbisha vitenzi mpaka nikacheka. Nisingeendelea na masomo bila yeye. Hilo nalisema bila kupepesa macho, na yote nitakayosema baada ya hapa hayaliondoi.

Yeye naye alikuwa akiingia stoo ile. Alipotoka daima alikuwa na mashuka mkononi, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kitu. Nilichokijua ni kwamba akiwa mle ndani huvuma kasida, mdomo umefungwa, sauti ya puani isiyo na maneno. Tukisikia tulisema, Sista leo ana furaha. Siku moja niliingia ghafla kutafuta blanketi nikamkuta amelaza paji la uso kwenye mashuka yaliyopangwa, anavuma, na shuka la juu limelowa. Hakunyanyua kichwa. Nilitoka kinyumenyume nikaurudisha mlango taratibu, na baadaye alinikuta mezani akanikumbusha mafaili ya siku hiyo kama kawaida. Mpaka leo nikipita mbele ya stoo yoyote ya mashuka masikio yangu husimama.

Kuna Ijumaa moja pia ambayo sijaiweza kuisahau. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, akasema twende Qantab tukasome, kwani mjini simu hazitamwacha. Tulikwenda na mkeka, chupa ya chai ya hiliki na vitabu. Ufukoni familia zilikuwa zikishindana na wavuvi juu ya nauli ya kuzungushwa kwa mashua. Sista alitandika mkeka kando, akakaa kuikabili bahari, na kitabu hakukifungua. Nilisoma peke yangu ukurasa baada ya ukurasa. Nilipomgeukia kumuuliza neno, nilimwona sura ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Haikuwa na hasira wala huzuni. Ilikuwa tupu, kama chumba kilichohamwa.

"Sista?" nikasema. "Hujambo?"

Akakawia. "Hapa hakuna anijuae," akasema, si kwa kunijibu mimi.

Kisha akageuka, na ule uso wetu wa kila siku ukarudi mahali pake, akaniuliza kama chai imepoa. Nilishukuru uliporudi. Niliogopa sana wakati ule mfupi ulipokuwa haupo, na sikutaka kuuona tena.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa alasiri. Siku hiyo Sista alitakiwa aje zamu ya asubuhi, kisha tutoke pamoja adhuhuri kuelekea Ghubra. Asubuhi simu ya wadi ililia, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama chini nikitafuta faili, aliipokea msimamizi wa zamu. Alikuwa msichana wa miji ya ndani, mpole, mchamungu, asiyejua neno la Kiswahili. Nilimsikia akiongea kwa Kiarabu kwa sauti ya huruma. Alipoweka simu alikuwa akitabasamu.

"Alikuwa Sista," alituambia. "Anasema taabana. Nimemwambia apumzike, leo asije kabisa. Apate nguvu za mtihani."

Wadi nzima tulifurahi. Hatimaye, tulisema, hatimaye Sista kakubali kwamba ni binadamu! Kwa Kiarabu cha kila siku, mtu aliyepanda ngazi ni taabani, aliyetoka sokoni ni taabani, mtoto asiyetaka kufanya kazi za skuli ni taabani. Maana yake amechoka. Neno lilinifikia kwa mdomo wa Mwarabu, katikati ya mazungumzo ya Kiarabu, na nililisikia kwa Kiarabu. Mtu mmoja akatania kwamba Sista amejifunza neno jipya.

Lakini yeye alikuwa amelisema kwa Kiswahili. Kwetu hatusemi taabani kwa mtu aliyechoka. Aliye taabani ni yule ambaye jamaa zake wanaitana waje. Alikuwa ameanguka jikoni akitengeneza chai, upande wake wa kulia umekufa ganzi, akaivuta simu kwa waya wake na kupiga namba ya pekee aliyoijua bila kufikiri, namba ya wadi. Mwanawe wa pekee alikuwa masomoni nje ya nchi. Ulimi ulikuwa unamzidi uzito. Alikusanya neno moja la maana, na kwa kuwa aliyepokea alimsalimu kwa Kiarabu, akalivisha Kiarabu, tena akalitia na alama ya kike mwishoni kama ustadhati alivyotufunza. Lilikuwa sahihi. Ustadhati angempa alama kamili.

Mimi nilifanya mtihani. Kiti chake kilikuwa mbele yangu, na kilipobaki kitupu nilisema moyoni kwamba amepitiwa na usingizi, maskini, atanichukia kwa kutomwamsha. Jirani yake alimkuta wakati huo huo, sisi tukiwa tumeinamia karatasi. Kilikuwa kiharusi, nacho kilikuwa kimepewa nafasi tangu asubuhi mpaka alasiri.

Thanawia hakuipata. Muda ulikwisha akiwa kitandani katika wadi yake mwenyewe, na aliyekabidhiwa wadi alikuja kumsalimu akiwa na funguo kiunoni. Walimu wa mazoezi walimsifu kwa bidii. Madaktari walimsifu kwa uchangamfu. Kiingereza chake kilirudi vipande vipande, Kiarabu hakikurudi hata neno, na Kiswahili kilirudi taratibu, kizito, cha utotoni. Mwanawe aliporejea alimchukua wakaishi Azaiba, na tulipokwenda kumtazama alitupokea kwa uso ule ule, nusu yake ikiwa imelegea. Tukirudi tuliambiana, mashaallah, Sista ni yule yule. Kadiri miaka ilivyopita tulikwenda mara chache zaidi, kama watu wanavyofanya.

Na mimi nikapanda. Baada ya thanawia nikasomea uuguzi, nikaajiriwa, na miaka ya elfu mbili ilipofika katikati nilikuwa mkuu wa wadi ya wanawake katika hospitali ile ile, jioni nikisomea shahada ya chuo. Mume alishazoea kununa. Asubuhi moja nilikuwa nikizungumza na wauguzi wapya, wasichana waliochoka kabla ya kazi kuanza, na mmoja akaniuliza ninawezaje, kazi na masomo, bila kukasirika. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Uso ni wa mgonjwa." Lilikuwa neno lake, na sauti ilikuwa yake, mpaka ule mkato mdogo mwishoni. Nilikatisha mkutano nikaenda kukaa ofisini.

Sikuwa najua kama mwanamke yule alinifundisha kuishi, au alinifundisha kufa bila kuwasumbua watu. Nilijua tu kwamba nimekuwa yeye, na kwamba siku nikianguka jikoni kwangu huenda nikajibu simu kwa kusema nzuri. Alasiri ile sikwenda chuoni. Nilikwenda Azaiba.

Mkwewe alinifungulia, akanipeleka baraza ya nyuma. Sista alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kanga imekunjwa vizuri juu ya magoti. Nilimwamkia shikamoo na kumbusu mkono ulio hai.

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Wewe je, Sista?"

"Mie sijambo."

Mkwewe alituletea kahawa na halua akarudi ndani. Tukakaa. Malori yalikuwa yakipita barabara kuu, na kila moja alilisubiri lipite kabla ya kusema, kwani sauti yake ilikuwa haina nguvu ya kushindana. Aliniuliza habari za wadi, nikamwambia. Aliniuliza kama bado nasoma, nikamwambia. Kisha nikamuuliza jambo ambalo katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, kwa sababu sote tulikuwa tukimpongeza.

"Sista, siku ile ulipopiga simu. Uliambiwa nini?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amengoja swali lile muda mrefu.

"Nilimwambia mie taabani," alisema polepole. "Akanambia starehe."

Msichana wa watu alikuwa amemwambia istarihi, pumzika. Nilifungua mdomo nimweleze, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona alichosikia yeye. Mgeni anapoingia ukumbini kwetu na wenyeji wakataka kuinuka kumpokea, huwaambia starehe. Yaani kaeni hivyo hivyo, msijisumbue, mimi ndiye ninayekuja.

"Nikajua mwaja," Sista aliendelea. "Nikasema, basi, hospitali si mbali. Lakini mlango nimeutia komeo, wataingiaje? Nikajiburura. Kwa mkono mmoja huu. Nikifika kwenye zulia nnataka kulala, nnajiambia, usilale, wenzio wamo njiani, watakukuta kichwa wazi. Nikavuta mtandio pale kwenye kiti nikajitia. Komeo likanishinda, nikarudi tena, likafunguka. Nikakaa mlangoni na miguu nje."

"Ndipo jirani alipokuona."

"Ndipo aliponiona. Mlango ungekuwa umefungwa asingejua kitu." Akasubiri lori lipite. "Nyie mlichelewa wapi? Barabarani kulikuwa na magari, eti?"

Alinitazama kwa jicho moja zima na moja lililoinama, na nikaona kwamba jibu analo. Alikuwa amenitengenezea kabisa. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo, na nilijua namna ya kulisema, kwa sauti gani na kwa uso gani, maana nilifundishwa na yeye. Nikafikiria safari ya kutoka jikoni mpaka mlangoni kwa mkono mmoja, na mtu anayejipamba kuwapokea watu ambao wakati huo walikuwa wanatania.

"Hatukuwa njiani, Sista," nikasema. "Hatukutoka kabisa. Yule msichana alidhani umechoka, na sisi sote tukadhani hivyo. Hakuna aliyekuwa anakuja."

Sura yake ikawa ile ya Qantab, tupu, na safari hii sikuiogopa wala sikuomba irudi nyingine. Nilimshika mkono nikaungoja mwisho wake. Machozi yalianza upande mmoja tu wa uso, upande unaoweza, na hakuvuma wala hakujifuta.

"Usimwambie yule msichana," alisema mwishowe.

"Simwambii."

"Na wewe usijitie huzuni." Alipumua, akayatafuta maneno yake moja moja. "Ningejua kama hamji, mwanangu, ningelala pale pale chini."